Edina na Msomaji Asiyeuliza

Kila asubuhi, kabla hajafungua kompyuta yake, Edina Kapinga hufumba macho, hushika simu, akapitisha kidole gumba juu ya orodha ya majina mpaka moyo umwambie basi, kisha humpigia yule ambaye kidole kimemwangukia. Hana la kumwambia. Humsalimia, humwuliza habari za nyumbani, za shamba na za mafua, humtakia siku njema, wakaagana. Kwa kuwa watu wa Mbinga hawajazoea kupigiwa simu mapema na mtu asiye na shida, wengi hupokea kwa sauti ya kujiandaa. Fundi cherehani aliyemshonea sare za shule aliwahi kumwuliza, hata kabla ya salamu, ni nani amefariki. Mwalimu wake mmoja wa zamani wa Kigonsera alidhani anaombwa mchango, akaanza kukohoa. Edina akimaliza hucheka peke yake, humimina chai ya tangawizi, ndipo hukaa kufanya kazi.

Kazi hiyo ilimpa mama yake taabu ya kuieleza. Mama Margareta aliwahi kuwaambia wanakwaya wenzake kwamba Edina anaandika vitabu. Wakamwuliza vinauzwa wapi. Akasema haviuzwi, vinasomwa na kompyuta. Wanakwaya wakatazamana, kisha kwa adabu wakarudi kwenye habari za kitenge cha sherehe.

Lakini mama hakuwa amedanganya. Kampuni ndogo ya Dodoma ilikuwa imetengeneza chombo cha kutunzia majina na namba za watu, ikakiita Wenzetu. Chombo hicho hakikukusudiwa kuguswa na mkono wa mtu. Kilitengenezwa kitumiwe na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa agizo kwa maneno ya kawaida, tuseme waambie wanakamati kikao kimesogezwa, halafu yenyewe inatafuta namba, inaandika ujumbe, inapiga simu na kuongea, kisha inaleta majibu. Wakala wa namna hiyo ana nguvu nyingi lakini hana kwao. Hajui mjomba ni nani wala shangazi ni nani. Lazima pawepo mtu wa kumwandikia: hapa ndipo pa kutafuta jina, hapa pa kuongeza, hapa pa kurekebisha, hapa pa kuunganisha majina mawili kuwa moja, na hapa usiguse kabisa. Mtu huyo alikuwa Edina, aliyesomea chuo kikuu mambo ya maktaba na utunzaji wa nyaraka, na ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo karibu na soko la Mbinga. Aliandika huku akinusa mbolea.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyothubutu kusema. Alikuwa na msomaji mmoja tu, lakini msomaji wa ajabu: hapigi miayo, haruki kurasa, hasahau, na haulizi. Hapo kwenye kutouliza ndipo penye shughuli. Mwanadamu ukimwandikia "mpigie baba" atakuuliza baba yupi, au atajua mwenyewe. Msomaji wa Edina atawapigia akina baba wote waliomo. Siku za mwanzo aliandika mfano wa kuwajulisha wazazi wa mwanafunzi mmoja, na kwenye majaribio wakala akawajulisha wazazi wa shule nzima kwamba mtoto wao ana surua. Surua yenyewe haikuwepo, na majina yale yalikuwa ya kubuni, lakini Edina alijifunza. Tangu hapo kila sentensi aliigeuza mbele na nyuma kama mtu anayenunua viatu vya mtumba.

Mwaka huo, kahawa ilipokwisha kuchumwa na kuanikwa, mdogo wake Jacqueline alikuwa anaolewa. Bwana harusi, Meshack, alikuwa fundi wa injini za boti huko Chiwanda, kijana mpole ambaye kila alipopanda Mbinga alivaa makoti mawili na bado akatetemeka, akawa anaulizwa na mashemeji kama huko ziwani huwa wanaishi ndani ya maji ya moto. Mahari ilishapokelewa. Aliyeipokea alikuwa Baba mkubwa Tarsisi wa Mpepai, kaka wa marehemu Alphonce, baba yao akina Edina. Na kwa kuwa baba hayupo, Tarsisi ndiye angesimama mlangoni siku ya harusi, amshike Jacqueline mkono na kumkabidhi kwa watu wa Chiwanda. Anayemkabidhi mwali ndiye anayetangulia kujulishwa siku. Wengine wote, hata awe diwani, wanafuata nyuma yake.

Kwa kawaida Mama Margareta angepanda mwenyewe mpaka Mpepai kupeleka habari ya siku hiyo. Lakini alikuwa ameteleza kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, goti likavimba kama boga. Wakati huohuo kampuni iliwaomba wafanyakazi wakijaribu chombo kwa mambo yao halisi. Edina akaona Mungu amempangia. Akamwambia mama apumzike, wakala atawafikia wote kwa siku moja.

"Wakala yupi, yule wa kutolea pesa hapo stendi?" mama aliuliza, na baada ya kuelezwa mara mbili akasema haya, ilimradi afike.

Edina alimpa wakala majina yote ya simu yake, ya mama na ya Jacqueline. Yalikuwa vurugu tupu. Shangazi Rosina peke yake aliandikwa kama Shangazi, Shangazi Rosina, na Rosina Mpya Usifute. Ili watu wasipate mwaliko mara tatu tatu, wakamwona mwenye sherehe kama amechanganyikiwa, Edina aliongeza kwenye maelekezo yake sentensi moja safi, ambayo siku hiyo aliisoma mara kadhaa kwa raha: majina yenye namba moja ni ya mtu mmoja, yaunganishe, ubaki na lile lenye taarifa nyingi. Wakala akasoma, akatii. Mialiko ikaondoka. Majibu yakaanza kumiminika kutoka Mbinga, Songea, mpaka Mbamba Bay. Edina akala karanga akiyatazama yakiingia.

Sasa, Mpepai, kwenye ntambo ya akina Kapinga, yaani ule ubavu wa mlima kati ya vijito viwili ambao ukoo mmoja unakaa na kulima, mtandao wa simu unapatikana sehemu moja tu. Ni kwenye jiwe lililoko mbele ya nyumba ya Protasi, mdogo wake Tarsisi kwa baba mdogo. Ukishuka hatua chache kuelekea kwenye mashamba ya ngolo, yale yenye mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, simu inakuwa tochi tu. Kwa hiyo wenye nyumba za chini walishaacha kuhangaika. Mtu akiombwa namba anatoa ya Protasi. Simu yenyewe inaning'inia kwenye msumari barazani, ikilia anapokea aliye karibu, kisha sauti inarushwa bondeni: fulani, njoo unaitwa.

Edina alilijua jambo hilo tangu akiwa mwanafunzi. Alishapiga namba ile mara nyingi akiwa chuoni, akasikia kwa masikio yake jina la Baba mkubwa likivuka bonde na mwangwi ukilirudisha. Alilijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani kwao, na kwa sababu hiyohiyo hakuliandika. Nani anaandika kitu ambacho kila mtu anakijua?

Basi mwaliko mmoja ulifika Mpepai, na ulikuwa na jina la Protasi.

Protasi aliusoma akiwa amesimama juu ya jiwe. Akausoma tena akiwa ameketi. Alisubiri siku mbili aone kama mingine itafuata, haikufuata. Hapo akaelewa, kwa jinsi alivyoelewa yeye, kwamba ukoo umekaa mahali fulani ukapima, ukamwona yeye ndiye anayefaa. Akashuka Mbinga akanunua koti. Akaanza kufanya mazoezi ya hotuba ya kumkabidhi mwali, akiwahutubia mbuzi wake, ambao walimsikiliza vizuri. Na ni mbuzi hao waliomkumbusha jambo. Jioni moja alishuka kwa kaka yake Tarsisi, akamsalimia kwa unyenyekevu mkubwa, akamwomba amwangalizie mbuzi Jumamosi ya harusi, kwa kuwa yeye Tarsisi atakuwepo nyumbani.

"Harusi ya nani?" Tarsisi aliuliza.

Habari hiyo ilimfikia Mama Margareta kupitia watu watatu, na kila mmoja aliongeza chumvi yake, lakini kiini hakikubadilika. Mzee Tarsisi amesema ameajiriwa kuchunga mbuzi na siku hiyo ana kazi. Mwali akabidhiwe na huyo aliyepewa mwaliko.

Mama alimwita Edina, akamtazama huku akilisugua goti. Kisha akasema taratibu, "Umesoma, umesoma, mpaka umemfuta baba yako mkubwa."

Edina alifungua Wenzetu palepale. Akaandika Tarsisi, hakuna. Akaandika Lukresia, jina la bibi yao, hakuna. Pankras, mtoto wa Protasi mwenye nyumba yake, hakuna. Akafungua jina la Protasi, na humo ndani, chini kabisa kwa herufi ndogo, akawakuta wote wamekaa kimya kama abiria. Wakala hakuwa amekosea hata nukta. Alifanya kile alichoandikiwa.

Edina alipiga Mpepai kuomba radhi. Akapokea Protasi. Edina akamsikia akiita bondeni, akasikia bonde likijibu, kisha Protasi akarudi kwenye simu na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeagizwa kutopunguza neno, kwamba Mzee Tarsisi hayupo kwenye namba hii, mwenye kupiga aangalie vizuri kwenye kompyuta yake.

Jacqueline alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Hakulia, na hilo lilimtisha Edina zaidi.

"Dada," alisema, "hilo gauni nitalivaa, na wageni watakula. Lakini mimi kwenye ule mlango sitoki bila Baba mkubwa. Ni yeye aliyenishika mkono siku tunamzika baba. Watu wa Chiwanda wakija wakikuta mlango una mtu mwingine, wataondoka bila mimi."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kesho yake Edina alichukua bodaboda na kupanda Mpepai, kompyuta mgongoni, kilo za sukari mapajani, na jogoo mwekundu kwapani ambaye alilalamika njia nzima. Alikuwa amempigia Protasi mapema kumweleza ukweli wote, kwamba mwaliko ule ulikuwa wa nyumba zote na ulimfikia yeye kwa kosa. Protasi akauliza kuhusu koti. Edina akamwambia koti ni zuri na avae. Basi Protasi, ambaye rohoni si mtu mbaya, akakubali kuwa msemaji wake, maana mwenye kosa hasimami mbele ya mkubwa akajisemea.

Kesi ilisikilizwa mahali pake, kwenye sengu, chakula cha pamoja cha ukoo, ambapo mambo ya ndani huzungumzwa mkono ukiwa bado una ugali. Jogoo mwekundu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa. Tarsisi alikaa kwenye kigoda chake, mrefu, mkavu, ndevu chache nyeupe, na alipopewa shikamoo aliitikia marahaba bila macho yake kumtafuta aliyemsalimia. Protasi alieleza kosa vizuri, ingawa mara mbili alipotea njia akaingia kwenye hotuba yake ya harusi ikabidi arudishwe. Bibi Lukresia, ambaye naye alikuwa amemezwa, hakuonekana kuumia. Alitaka tu kujua kama kufutwa huko kunamfuta pia kwenye zamu ya kufagia kanisa.

Tarsisi alilamba vidole, akasema, "Sina ugomvi na mtoto. Aliyenifuta yuko wapi?"

Edina akajibu kwamba yuko kwenye kompyuta.

"Ameletwa?"

"Ameletwa, Baba mkubwa."

"Basi anirudishe. Na akishanirudisha, aniite yeye mwenyewe. Alimwita Protasi, basi anajua kuita watu. Mimi nitamsikiliza anavyoniita, ndipo nitasema kama ninakuja."

Watu wote wakapanda mpaka kwenye jiwe. Edina akaketi juu yake, kompyuta magotini, na ukoo ukasimama nyuma ya mabega yake kama watu wanaotazama mpira. Kwanza akamtoa Baba mkubwa ndani ya Protasi, kisha bibi, kisha Pankras, kila mmoja na jina lake na nyumba yake. Pankras akaomba aandikwe hana mke, mkewe aliyekuwa amembeba mtoto pembeni akasema aandikwe hivyo hivyo na leo usiku atalala palepale kwenye jiwe na mtandao wake. Tarsisi akaona kwenye kioo jina la Protasi liko juu ya lake, akataka kujua kwa nini. Edina akamweleza kwamba majina hufuata mpangilio wa herufi, na P hutangulia T. Tarsisi akasema herufi hizo bila shaka zilipangwa na watu wa ukoo wa mama yake Protasi.

Halafu Edina akafungua maelekezo. Aliifuta ile sentensi yake safi. Mikono ilikaa juu ya vitufe bila kuandika. Alikuwa akijiuliza kitu ambacho hakuwahi kujiuliza kazini: ni mambo gani ninayoyajua kiasi kwamba siyaoni? Upepo ulikuwa ukitoka upande wa ziwa, bonde lilikuwa limetulia, na chini kule mtu alikuwa akimwita mwenzake kuhusu jembe. Akaandika.

"Namba moja inaweza kuwa mlango wa nyumba nyingi. Usiunganishe watu kwa sababu wana namba moja. Ukikuta majina mengi kwenye namba moja, yaache kama yalivyo na umwulize aliyekutuma.

"Anayepokea simu si lazima awe ndiye unayemtafuta. Msalimie, taja unayemtaka, subiri aitwe. Habari ya mtu usimwachie mtu mwingine.

"Kwenye shughuli ya ukoo, uliza kwanza nani anatangulia kujulishwa. Huyo mpigie, usimwandikie. Akiwa ni mtu mzima, anza na shikamoo, naye akikuuliza wewe ni nani, mwambie ukweli."

Alisoma kwa sauti. Protasi alitaka iongezwe kwamba mpokeaji naye ashukuriwe, maana anaacha kazi zake. Edina aliona ni haki, akaongeza. Kisha akampa wakala agizo: mjulishe Mzee Tarsisi Kapinga siku ya harusi ya Jacqueline, mwambie yeye ndiye wa kumkabidhi, na umwombe radhi kwa kuwa hakujulishwa kwanza. Wakala akamwuliza kama Mzee Tarsisi ndiye anayetangulia. Edina akajibu ndiye. Simu ikalia kwenye msumari barazani.

Protasi alikwenda kuipokea kwa mwendo wa mtu aliyevaa koti ingawa hakulivaa, akaifungulia sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo," sauti ilisema, ya kike, tulivu, bila lafudhi ya mahali popote. Protasi akaitikia marahaba kabla hajakumbuka anaongea na nini. "Naomba kuongea na Mzee Tarsisi Kapinga. Kama yuko mbali, nitasubiri aitwe."

Mzee Tarsisi hakuwa mbali. Alikuwa hatua chache kutoka pale. Lakini akageuka, akaanza kushuka taratibu kuelekea nyumbani kwake.

Moyo wa Edina ulishuka naye. Alikuwa ameandika subiri, lakini hakuandika subiri mpaka lini. Msomaji wake hakuwa amempa nafasi ya kujua kama anaelewa uvumilivu, na kwenye majaribio ya Dodoma kila mtu alipokea simu mara moja. Mzee alifika kwenye mtungi wa maji wa nje, akanawa mikono, kidole kimoja kimoja. Akaifuta kwa kitambaa. Akaingia ndani. Simu ilikuwa kimya mkononi mwa Protasi, na Pankras akanong'ona kwamba imekata. Edina alifumba macho.

"Bado nasubiri," sauti ilisema. "Hakuna haraka."

Bibi Lukresia akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema huyo amelelewa.

Tarsisi alipotoka ndani alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Akapanda mpaka juu bila kuongeza wala kupunguza mwendo, akapokea simu, akaishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili kama kioo.

"Tarsisi hapa."

Sauti ikampa shikamoo. Akaitikia, na safari hii aliitikia kwa mtu. Ikamwambia kwamba binti yake Jacqueline anaolewa Jumamosi, kwamba familia inamwomba awepo mapema, na kwamba yeye ndiye wa kumkabidhi. Ikasema pia kwamba taarifa hii ilipaswa kumfikia kabla ya watu wote, haikumfikia, na aliyemtuma anaomba radhi.

"Na wewe ni mtoto wa nani?" Tarsisi aliuliza.

"Mimi si mtu, Mzee. Ni mashine ya kusaidia kazi. Nimetumwa na Edina, binti wa marehemu Alphonce Kapinga."

Tarsisi alifikiri. Alimtazama Edina juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalimkuta.

"Umetumwa vizuri," alisema kwenye simu. "Mwambie aliyekutuma nitakuja. Na mwambie Protasi aje na koti lake, limeshanunuliwa. Mbuzi wafungwe kwa Pankras, maana leo tumesikia hana mke, atakuwa na nafasi."

Ukoo ulicheka mpaka mtoto wa Pankras akashtuka akaanza kulia. Sauti ikamshukuru Mzee, ikamshukuru na Protasi kwa kuacha kazi zake, na Protasi akasema karibu tena.

Jumamosi ilifika. Watu wa Chiwanda walipanda na magunia ya dagaa na mbasa wakavu, wakakuta baridi, wakacheza ngoma mapema kuliko ilivyopangwa ili wapate joto. Meshack alivaa suti juu ya sweta. Kwenye ule mlango alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya kanisani, na Jacqueline akatoka ndani akiwa amemshika mkono, akilia vile ambavyo hakulia Jumatatu. Tarsisi alisema maneno machache. Alisema mtoto huyu ana baba, na baba akifa ana baba mkubwa, na baba mkubwa akisumbuliwa kuna namba ya Protasi. Protasi, ndani ya koti, akainua mkono watu wamwone.

Maelekezo mapya Edina aliyatuma Dodoma. Yalirudi na swali moja tu, kama ni kweli kuna mahali watu wanaishi hivyo. Akawajibu kwa kirefu, kwa kuwa siku zile alikuwa ameanza kuuliza kila aliyekutana naye. Dada yake Meshack, Luisa, msichana mkimya anayesoma chuo, alimweleza kwamba huko kwao ufukweni wavuvi wengi hutoa namba ya mama anayechaji simu za watu, kwa sababu simu zao hushinda kwake kuliko mifukoni mwao. Edina akaiandika hiyo nayo, chini ya ile ya jiwe.

Asubuhi baada ya harusi, wageni wengi wakiwa bado wamelala, Luisa alimkuta Edina uani kati ya masufuria, amefumba macho, kidole gumba kinatembea juu ya simu. Alimsikia akimpigia mtu, akimsalimia, akimwuliza habari za mafua, akiagana. Alikaa karibu naye akiosha vikombe kwa muda mrefu kabla hajapata ujasiri wa kuuliza. Kwa nini, aliuliza hatimaye, asiiandike na hiyo kwenye maelekezo, wakala awe anawasalimia watu wake kila siku, wote, bila hata mmoja kusahaulika?

Edina aliweka simu kwenye kanga, akachukua kikombe kingine.

"Hii naipenda kuifanya mwenyewe," alisema.